Hadithi Niliyoisoma Nyuma ya Lata

Maishani mwangu nimeingia konkur tano za hadithi na sijashinda hata moja. Konkur ndilo neno letu hapa Likasi. Wenzetu wa mbali wanasema shindano. Nne kati ya hizo hazina la kusimulia. Niliandika, nikapeleka, wakanyamaza. Lakini ile ya kwanza nataka kuisema, kwa sababu zawadi yake ilikuwa malata kumi, na wakati ule hakuna mtu katika Katanga nzima aliyehitaji malata kumi kuliko mimi. Lata ni bati la kuezekea, kama hulijui kwa jina hilo. Lile la mawimbi mawimbi.

Ilikuwa mwaka wa pili wa nchi mpya. Katanga ilikuwa imejitenga, imepata bendera yake, tembre zake za kubandika kwenye barua, pesa zake zenye misalaba ya shaba. Na mji wetu kwenye ramani bado uliitwa kwa jina la mzungu mmoja ambaye sikumwona hata siku moja akinunua kitunguu sokoni Kikula. Sisi tulisema Likasi tu. Barua zilifika hivyo hivyo, zile zilizofika.

Nilifanya kazi Kakontwe, kwenye chimbo la mawe ya chokaa. Napasua mawe, napakia mawe, jioni narudi nyumbani mweupe kama mtu aliyeanguka katika unga. Nyumba yangu ilikuwa Kikula. Niliijenga kwa mikono yangu, matofali ya udongo, chumba na nusu. Ile nusu nitaieleza siku nyingine. Juu yake malata kumi, na hayo ndiyo yaliyokuwa fahari yangu, maana majirani wawili bado walikuwa na nyasi.

Siku moja ya kiangazi, mimi nikiwa kazini, askari walikuja wakapanda juu ya nyumba na kung'oa malata yote kumi. Askari wa upande gani, usiniulize. Mwaka ule kila mwenye kofia alikuwa wa upande fulani. Walikuwa wamechimba shimo la kujikinga kando ya barabara ya Kakontwe, na shimo lilitaka paa. Bibi yangu, yaani mke wangu, akawauliza: "Na nyumba, yeye haina na lazima ya paa?" Wakamjibu kwamba nyumba haipigwi risasi kama shimo. Wakamwachia karatasi yenye muhuri, inayosema malata yamekwenda kazini.

Basi kila asubuhi nikienda chimboni nilisimamishwa pale pale penye shimo.

"Makaratasi! Unaikala wapi?"

Naulizwa ninakaa wapi, nami nimesimama chini ya paa langu! Niliyajua malata yangu yote. La tatu lilibonyea pembeni siku lilipoanguka kutoka kwenye baiskeli. La saba lilikuwa na kutu yenye umbo la sikio.

"Kikula, mukubwa."

"Unaangalia nini huko juu?"

"Mawingu, mukubwa."

"Mawingu haiko humu ndani."

"Ndiyo, mukubwa. Mawingu iko kwangu."

Walinipitisha wakidhani nina kichwa kibovu. Nami nilikwenda kupasua mawe kwa hasira, na nakumbuka kapita wetu, msimamizi wa kazi, alinisifu mwezi ule kwa bidii.

Kiangazi unaweza kulala chini ya mbingu. Ni baridi, lakini unaweza. Ila bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama yake alikuwa mwanamke asiyependa kurudia neno. Alikuja nikiwa kazini, akaangalia juu, akamchukua binti yake na kitanda cha mtoto ambaye hajazaliwa bado, akaenda naye kwake, upande mwingine wa Kikula. Nikaletewa ujumbe na bibi yangu mwenyewe, amesimama mlangoni na macho chini.

"Mama anasema hivi: hata kuku iko na nyumba. Anasema mvua ya kwanza ikianguka na nyumba haina na paa, ananipeleka ku kijiji, kule ku Lufira, kwa mujomba. Na ile mutoto atazalikwa kule. Na kule hawarudishakemo muntu."

"Na weye unasema nini?"

"Minye niko nasema fanya mbio."

Hapo lazima nieleze jambo, ama hutaelewa yanayokuja. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Ukimwona anakuja njiani, unaingia majanini. Kama hakuna majani, unageukia ukuta. Humtaji jina, huli mbele yake, humsemeshi. Hivyo mpaka siku familia mbili zifanye karamu ya kufungua macho. Siku hiyo kuku kadhaa wanakufa, na ninyi wawili mnaangaliana kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa sijafunguliwa. Mwaka wa ndoa haukutimia, na vita ilikuwa imekula kuku. Ukiwa na neno la lazima kwake, unapitisha kwa mtu wa katikati. Kama mtu hayupo, unakiambia kitu. "We mtungi, sikia, chumvi imekwisha." Naye anamjibu mtungi. Nimepata kumsikia jirani yangu akigombana na mama mkwe wake asubuhi nzima kwa kupitia jembe moja, na jembe halikusema kitu.

Kwa hiyo sikuweza kwenda kumbembeleza. Nilihitaji malata, na malata hayakuwepo. Yaliyokuwepo yalikuwa kwa Mgiriki mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na yalikuwa hayanunuliki, si kwa mshahara wangu.

Ndipo mwenzangu wa chimboni, mtu mrefu sana, mwenye kujua mambo ya watu kabla wao wenyewe hawajayajua, aliponiambia:

"Mukubwa, kule ku serkle banabandika karatasi. Konkur ya hadithi. Mwenye kushinda anapata malata kumi."

Serkle lilikuwa jumba la kukutania wafanyakazi, lenye meza ya mpira na picha ya gari-moshi ukutani. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Karatasi ilisema kwamba nchi mpya ina bendera na ina tembre, lakini haina hadithi zake za kuandikwa; kwa hiyo wananchi wote wanaombwa kuandika hadithi fupi, mpya, isiyozidi kurasa nne, kwa Kiswahili cha kitabu. Juri, yaani waamuzi: mwalimu mkuu wa shule yetu, katekista mmoja mzee, na yule Mgiriki, mwenye kutoa zawadi. Kwa nini Mgiriki alitoa malata kwa ajili ya hadithi, nilikuja kumwuliza baada ya miaka mingi. Alisema, "Kila wiki askari nakuja duka yangu nachukua bure, nasema ni ya nchi. Nikasema heri mimi napa nchi mwenyewe, kumi tu, kwa mkono yangu, na watu napiga makofi."

Shule mimi nilisoma miaka mitatu. Nilijua kuandika, lakini kuandika kwangu kulikuwa kwa aina moja: barua. Karatasi ya daftari ilikuwa adimu, shule nyingi zimefungwa, nikachukua mifuko ya saruji ya Kakontwe, ile karatasi ya ndani iliyo safi kidogo, nikaikata kurasa nne. Kalamu yangu ilikuwa ile ya kopi, ya kulamba, inayoandika zambarau. Saa ya kula, wenzangu wakimega bukari, ugali wetu, mimi nimekaa juu ya jiwe na midomo ya zambarau, naandika kwa ajili ya paa.

Nilipomaliza nikampelekea mwalimu mkuu aangalie kabla ya siku yenyewe. Alikuwa mtu mwema, alikuwa ametangaza kwamba atawasaidia wote. Akasoma. Akapiga chafya, kwa sababu ya saruji. Akasoma tena.

"Baba, humu weye uko unasalimia nani?"

"Ninyi wa juri, mwalimu."

"Ukurasa wa kwanza ni salamu. Wa pili ni salamu. Humu unauliza kama bibi yangu amepona mguu."

"Amepona?"

"Amepona, asante. Ukurasa wa tatu unasalimia duka la Mgiriki. Hadithi inaanza hapa, chini kabisa ya ukurasa wa nne, inasema: 'Hapo zamani palikuwa na mtu.' Halafu karatasi imekwisha."

"Ndiyo, mwalimu. Ninyi mmesema kurasa nne."

Mwalimu aliondoa miwani, akaifuta saruji. "Futa salamu zote. Anza na yule mtu."

"Niingie kwa watu bila salamu?"

"Ingia tu."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilikaa ndani ya kuta zangu nne, juu ni buluu tupu, kunguru anapita ananichungulia. Nikaanza bila salamu, kama mwizi. Na kwa kuwa nimeanza bila adabu, adabu nyingine zote zikaondoka. Nikaandika juu ya mama mkwe.

Niliandika kwamba hapo zamani palikuwa na mtu mwenye nyumba ya malata kumi. Mama mkwe wake akaja kumtembelea ana njaa. Wakampa bukari, akakataa. Wakampa kuku, akakataa. Akaangalia juu, akasema: naona chakula. Akapanda, akala lata la kwanza, kwaru, kwaru, kwaru. Akala la pili. Hivyo mpaka la kumi, na kila lata nikaliandikia wimbo wake, wa watu kuitikia. Mwisho mvua ikanyesha, na tumbo la mama mkwe likalia kama paa, mji mzima ukajua nani amekula nyumba ya watu. Wakamchukua, wakampandisha juu ya zile kuta, wakampigilia misumari minne, akawa paa. Mwisho.

Nilicheka peke yangu mpaka kunguru akaruka. Niliona ni hadithi nzuri kuliko zote duniani. Na sikuona hatari yoyote: mama mkwe wangu hajui kusoma, na hadithi ya konkur ni kitu cha karatasi. Inakwenda kwa mwalimu, inakaa kwa mwalimu. Hivyo nilivyofikiri. Mtu aliyekulia katika hadithi za mdomo hawezi kudhani kwamba wenye karatasi nao watataka mdomo.

Mwalimu alicheka sana alipoisoma. Akanitia katika wale watano wa mwisho. Kisha akaniambia kwamba Jumapili baada ya misa watano wote watasoma hadithi zao serkle, mbele ya watu.

"Mbele ya watu gani?"

"Wote."

"Na kama muntu anakuwa na kikoozi?"

"Anakohoa, anaendelea."

Nilimtuma mwenzangu mrefu akamwambie bibi yangu asije. Kosa. Bibi yangu akamwambia mama yake kwamba mume wake yumo katika watano na kwamba malata yatakuwepo pale pale jukwaani. Mama yake akasema: hayo malata nitayaona kwa macho yangu, nisije kudanganywa.

Jumapili serkle ilijaa. Jukwaani walipanga yale malata kumi, mapya, yanawaka. Mlangoni walisimama askari watatu, wale wale wa shimo langu, wanakula karanga. Walikuja kwa sababu walisikia kuna mkutano. Juri walikaa mezani. Katekista alikuwa amekwisha kulala. Wa kwanza akasoma, karani mmoja wa posta, hadithi ya kijana aliyeipenda bendera hata akaugua. Watu walipiga makofi huku wakiangalia askari. Wa pili akasoma, sikumbuki. Wa tatu mimi.

Nilipanda kutokea upande wa nyuma, na karatasi zangu za saruji mkononi. Nikaona mstari wa kwanza. Bibi yangu, na tumbo lake. Pembeni yake, kitambaa cha kijani kichwani, kile kile ambacho nikikiona njiani naingia majanini.

Nilirudi nyuma ya pazia kama mtu aliyeungua. Naye alijifunika uso kwa kitenge, nilisikia wanawake wakisema "eee, eee, banaonana!" Mwalimu akaja nyuma.

"Baba, watu wanangoja."

"Mama mukwe eko pale."

"Tutamwomba atoke."

Akaenda, akarudi. "Amesema yeye njo alifika wa kwanza."

Hapo mwenzangu mrefu, ambaye alikuwa ameketi karibu na jukwaa kwa ajili ya kuona aibu yangu vizuri, akasimama. Akachukua lata moja la juu, akamwita jamaa mwingine, wakalisimamisha katikati ya jukwaa, mmoja huku, mmoja huku.

"Ingia, mukubwa. Soma nyuma yake."

Mgiriki akaruka. "Hiyo ni zawadi! Hiyo ni zawadi!"

"Hatuikule, bwana. Anasoma tu."

Nikaingia. Sikuona watu tena, niliona mawimbi ya lata na sura yangu imevunjika vipande virefu. Chini palibaki nafasi ya kiganja kimoja kati ya lata na sakafu, na katika ile nafasi niliona miguu ya mstari wa kwanza. Nikaona miguu ya mama mkwe wangu. Kama kuona miguu ni kosa, sijui mpaka leo. Hakuna aliyenifundisha juu ya miguu. Vidole vyake vilikuwa vimetulia.

Nikaanza. "Hapo zamani palikuwa na mtu mwenye nyumba ya malata kumi." Sauti yangu iligonga lata ikavuma kama mtu anayesema ndani ya pipa. Watu wakafurahi. "Siku moja akaja kumtembelea..." Nikaona lile neno mbele yangu, la zambarau, kubwa. Nikaona vile vidole. Nikaona bibi yangu juu ya gari la kwenda Lufira. "...akaja kumtembelea askari."

Kule mlangoni karanga zikaacha kutafunwa.

Sauti ya mwalimu: "Samahani, baba. Haina vile. Niliisoma, umeandika 'mama mkwe'."

Vidole vikakunjika.

"Minye nilisoma mbaya," nikasema. "Akaja fisi."

"Hakuna fisi."

"Ni fisi, mwalimu. Saruji imefunika."

Watu walicheka. Nikaendelea na fisi. Fisi akapewa bukari akakataa. Fisi akaangalia juu. Lata la kwanza, kwaru, kwaru, na wimbo. Watu wakaitikia, maana wimbo haujali ni nani anakula. Na kila mara mwalimu, mtu mwema lakini mwalimu, anasema kwa upole: "Mama mkwe." Mimi nasema fisi. Yeye anasema: "Umeandika mama mkwe." Mimi napandisha wimbo. Hivyo mpaka lata la kumi, na kule chini vidole kumi vimekunjika kama ngumi. Mgiriki akagonga meza.

"Karatasi nasema moja, mdomo nasema mbili! Hiyo si hadithi ya karatasi. Tupa nje!"

Wakashauriana. Katekista aliamshwa, akainua mkono bila kujua kwa nini. Mwalimu akatangaza kwa huzuni kwamba hadithi iliyosomwa si hadithi iliyoandikwa, na kwa sheria za konkur mimi nimetoka. Jamaa wawili wakaanza kulishusha lata.

"Musishushe!" Wanawake wote walipiga kelele. "Bataonana!"

Likapanda tena. Nikabaki pale nyuma, nimepoteza malata kumi na nimepoteza mke, ndani ya nusu saa moja tu. Ndipo niliposikia kiti kinasogea, na miguu ile ikasimama.

"We lata," akasema mama mkwe wangu.

Jamaa wawili wakalishika lata vizuri.

"We lata, sikia. Ile fisi alikula malata kumi. Halafu?"

Mwalimu akasema, "Mama, huyu ametoka kwenye konkur."

"Minye sisemi na mwalimu. Niko nasema na lata. Lata, halafu?"

Nikajibu: "Lata linasema: halafu mvua ikanyesha."

"Na mutoto wa fisi alikuwa wapi?"

Sikuwa na mtoto wa fisi. Katika kurasa zangu nne hakuwepo. "Lata halijui," nikasema.

"Alikuwa ndani ya ile nyumba. Na tumbo." Vidole vikafunguka kimoja kimoja. "Ile fisi hakukula malata. Fisi alifika, akakuta nyumba inakwisha kuvuliwa, akakamata mutoto wake. Kosa yake iko wapi? Lata, weye unaandika fisi juu ya nini, na bale balikamata malata beko pale ku mulango, banakula karanga?"

Nilisikia buti. Askari mmoja alikuja mpaka mbele, nikaona buti zake pembeni ya miguu ile.

"Mama anasema nini?"

"Niko nasema na lata," mama akajibu, bila haraka.

"Anasema na lata, mukubwa," mwenzangu mrefu akasema, amelishika. "Njo desturi."

Buti zilisimama pale. Nadhani alitazama lata. Lata lilikuwa linatetemeka, kwa sababu mimi nilikuwa nimeliegemea. Mtu utamkamataje kwa kuongea na bati? Utaandika nini kwenye karatasi? Buti zikarudi mlangoni, na baada ya kitambo karanga zikaanza tena kutafunwa, taratibu.

"Lata linajibu," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Linasema aliyeandika aliandika vibaya. Aliandika bila salamu."

Mama mkwe akasema: "Vema. Lata, twende."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Kisha wanawake wakaelewa wote pamoja. Mimi siwezi kutoka bila lata, yeye yuko pale. Yeye hatoki nyuma yangu, mimi sitoki mbele yake. Kwa hiyo alitangulia, kitambaa cha kijani mbele, bibi yangu na tumbo lake katikati, nasi nyuma yao, lata lenye miguu sita, tukashuka jukwaani, tukapita kati ya viti, tukapita kati ya askari wale ambao mmoja wao aliniachia nafasi kwa adabu. Mgiriki alitufuata mpaka nje.

"Lata yangu! Mtarudisha lata yangu!"

"Utaitoa hapa katikati, bwana?" mwenzangu akamwuliza.

Mgiriki alikuwa ameishi Katanga miaka mingi. Alimtazama mama mkwe mbele, akanitazama miguu yangu nyuma, akashika kichwa. "Kesho," akasema. "Kesho narudisha."

Tukaenda hivyo mpaka Kikula, jua kali la saa saba, watu wanatoka milangoni kuangalia lata linatembea. Tulipofika walilisimamisha kwenye ukuta wangu, mama akaenda zake bila kugeuka, na bibi yangu hakwenda naye. Hakuambiwa abaki, hakuambiwa aende. Akakaa tu, akaomba maji.

Kesho yake Mgiriki alikuja. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa nje ya nyumba anachambua sombe, majani ya muhogo, nami nilikuwa ndani, nyuma ya lata. Akaangalia, akaondoka. Alikuja mara tatu. Mara zote tatu mama alikuwa na sombe.

Zawadi alipata karani wa posta, malata tisa. Nyumba yake ilitaka kumi. Kwa miaka kumi na zaidi, kila tulipokutana njiani hakunisalimia kwanza, alinionyesha bega lake, mahali alipodondokewa na mvua usiku uliopita. Mimi nilimwambia pole.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, wiki ile ile, nimetoka kazini mapema. Lata moja linafunika kitanda tu, na kidogo cha pembeni. Nililifunga juu ya kona ya kuta mbili, bibi yangu akaingia chini yake. Na kabla sijaingia mimi, mama mkwe akatokea anakimbia, kanga kichwani, akaja kuona kama nyumba ina paa ama haina. Akaingia chini ya lata. Nafasi ikaisha.

Kwa hiyo mimi nilitoka nikazunguka, nikasimama nje, upande wa pili wa ukuta, katika mvua, nimeshika pembe ya lata kwa mikono miwili upepo usiliondoe. Maji yananiingia shingoni, yanatokea viatuni. Ndani nilisikia wanacheka kitu. Halafu sauti ya mama ikagonga bati kutoka chini.

"We lata."

"Lata linasikia."

"Ile hadithi ya fisi haikuisha. Anza tena."

Nikafuta uso kwa bega, nikaianza tena, na safari hii nilianza na salamu, zote, mpaka za mguu wa bibi wa mwalimu.